Mstari wa Maili Kumi na Udongo Uliochanganywa

Mwaka 1886 serikali za Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mamlaka ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara yaishie maili kumi za baharini kutoka ufukweni. Maili kumi za baharini ni kilomita 18 na nusu. Mtu akitandika ramani mezani, akaweka rula kwenye bandari ya Dar es Salaam na kuielekeza magharibi, kilomita hizo zinaishia karibu na vilima vya Pugu. Mji wa Kisarawe unabaki nje kidogo ya mstari. Vihingo, kata ya Kisarawe iliyo ndani zaidi, inabaki nje kabisa. Nchi ya Wazaramo ilikatwa hivyo vipande viwili: cha pwani kikahesabiwa kuwa cha Sultani, cha ndani kikaingizwa katika eneo la Wajerumani. Wenye nchi hawakuitwa kwenye kikao.

Mhadhara huu unahusu Muungano wa Tanganyika na Zanzibar na namna unavyoadhimishwa. Umeanzia 1886 kwa makusudi. Kila Aprili taifa hukumbuka siku ya kuungana, na mara chache sana hukumbuka namna watu walivyotenganishwa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba maadhimisho yasiyotaja mgawanyiko yanabaki kuwa shughuli ya serikali, na watu wa mahali kama Vihingo wanageuka watazamaji wa jambo ambalo kwa haki ni lao.

Kisa chenyewe kinafaa kuelezwa polepole, maana vitabu vya shule hukipitia haraka. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama za wakuu wa sehemu hizo kwenye karatasi za Kijerumani. Februari 1885 Kaiza akazipa karatasi hizo kinga ya dola yake. Sultani Barghash alipinga, akisema nchi hizo ziko chini yake. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya Unguja, na Barghash akalazimika kusalimu amri. Ikaundwa tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ya kuchunguza mamlaka yake yanafika wapi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, ambaye baadaye alipata sifa ya ujemadari huko Sudan. Mwisho wa yote Barghash aliachiwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ule utepe mwembamba wa pwani.

Utepe nao haukukaa. Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyemrithi, aliikodisha sehemu ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani kwa miaka 50. Kampuni ilipokuja kupandisha bendera yake na kutoza ushuru, Mrima wote, yaani pwani hiyo ya bara, ukawaka moto. Abushiri bin Salim aliongoza mapigano Pangani na Bagamoyo, Bwana Heri akashika Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata wakubwa wakamaliza hesabu zao. Kisiwa cha Heligoland, huko Bahari ya Kaskazini, kikaenda kwa Wajerumani, Zanzibar ikawa nchi lindwa ya Uingereza, na Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni nne ili pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara iwe yake moja kwa moja. Mafia ikaenda pamoja na pwani hiyo. Mpaka uliotenganisha Tanganyika na Zanzibar hadi 1964 una tarehe yake na bei yake, na vyote viwili vinajulikana.

Isidhaniwe kwamba kabla ya mstari kulikuwa na neema. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na miongoni mwa waliouzwa pale walikuwamo watu wa Mrima wenyewe. Misafara iliyopita Uzaramo ililipa hongo kwa Pazi, mkuu wa Wazaramo, na kwa majumbe wa njiani, na Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860 ilimbidi kwanza apatane na wenyeji. Kwa hiyo Mzanzibari anayesema kwamba mwaka 1964 ziliungana dola mbili, wala hakikurudishwa kitu kilichokuwa kimoja, ana hoja nzito, na asikilizwe. Kinachodaiwa hapa ni kidogo kuliko dola. Ni kwamba watu wa pande hizi walikuwa na njia zao za kwenda na kurudi, wakiuziana sandarusi na nguo, wakioana, wakifundishana dini, na kwamba wageni waligeuza njia hizo kuwa mpaka wa kimataifa.

Watu hawakuuheshimu sana mpaka huo. Katika miaka yote ya Waingereza, Wazaramo walikuwa kati ya makundi makubwa ya watu wa bara waliohamia Unguja kutafuta kazi, bandarini, mjini Ng'ambo na katika mashamba ya karafuu. Watu wa bara waliojenga maisha yao kisiwani walikuwa mstari wa mbele katika Jumuiya ya Waafrika iliyoanzishwa huko mwaka 1934. Na jumuiya hiyo, ilipoungana na ile ya Washirazi mwaka 1957, ikazaa chama cha Afro-Shirazi. Upande wa bara, mwalimu kijana aitwaye Julius Nyerere alikuwa akifundisha sekondari ya Pugu, kwenye vilima vilevile vya maili kumi, akishuka Dar es Salaam kwa mikutano ya chama, hadi Machi 1955 alipoacha kazi na kuitumikia TANU moja kwa moja. Hakuna sababu ya kudhani alipokuwa Pugu aliwaza juu ya mstari wa 1886. Ila historia imewaweka mahali pamoja, na Mkoa wa Pwani, ulio jirani na vilima hivyo, haujawahi kuitumia bahati hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 22 Aprili Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar, na tarehe 26 Muungano ukaanza kazi. Hati zilitaja mambo 11 ya kushughulikiwa pamoja. Leo, katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yapo 22, na ugomvi mkubwa wa Muungano umo katika tofauti ya hesabu hizo mbili. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Wapo wanaosema kilichosukuma mambo ni ndoto ya Umoja wa Afrika, na wapo wanaosema ni hofu ya Vita Baridi, kwamba kisiwa kingegeuzwa uwanja wa mataifa makubwa. Msomaji makini atakubali kwamba vyote viwili vilikuwapo, tena katika vichwa vya watu walewale.

Sasa maadhimisho.

Picha inayotawala kumbukumbu ya Muungano ni moja. Mwalimu Nyerere amesimama, anachanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar. Vijana walichaguliwa kutoka pande zote mbili kushika vyombo. Tendo lenyewe lilikuwa la hekima, kwa kuwa kila mtu anayelima alielewa mara moja kilichosemwa, awe Makunduchi au Maneromango, bila kusomewa kifungu cha sheria. Bendera nayo ilitengenezwa kwa njia hiyohiyo: kijani, nyeusi na dhahabu za Tanganyika zikapokea buluu iliyotoka katika bendera ya Zanzibar. Kwa taifa lenye wakulima wengi na wasomaji wachache wakati ule, hizo zilikuwa alama zilizochaguliwa kwa akili.

Shida ilianza alama zilipobaki peke yake. Kwa miongo mingi Siku ya Muungano imekuwa na sura ileile: Uwanja wa Uhuru, gwaride, mizinga 21, kwata ya kimyakimya inayowafanya watu washike pumzi, halaiki ya wanafunzi wanaopanga maumbo kwa miili yao. Mambo hayo yana uzuri wake. Mtoto aliyewahi kushiriki halaiki hasahau. Lakini mtazamaji anatoka uwanjani akijua nani aliunganisha na lini, bila kujua nini kilikuwa kimetengana, na kwa nini. Mwaka 2017 sherehe zilipelekwa Dodoma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliziahirisha kwa sababu ya korona na kuelekeza shilingi milioni 500 zilizotengwa ziende kwenye mapambano dhidi ya ugonjwa. Wakati huo hakuna kijiji kilichojisikia kimepungukiwa. Uamuzi ulikuwa wa busara, na hapohapo ukaonyesha kwamba shughuli yote ilikuwa imewekwa mahali pamoja: ikifungwa uwanjani, imefungwa nchi nzima.

Mwaka 2014, Muungano ulipotimiza miaka 50, jambo jingine lilijitokeza. Bunge Maalum la Katiba lilikuwa limekaa Dodoma kujadili rasimu ya tume ya Jaji Warioba, iliyopendekeza serikali tatu, kama zilivyopendekeza kabla yake tume za Majaji Nyalali na Kisanga. Kati ya mambo yaliyozusha joto ndani ya ukumbi ni dai la wajumbe kuonyeshwa Hati za Muungano zenyewe, zenye saini. Fikiria uzito wake. Picha ya udongo ilikuwa imening'inia madarasani kwa nusu karne, huku karatasi iliyosema nini kimekubaliwa ikiwa jambo la kudaiwa na kubishaniwa. Mahali ambapo alama inaonekana na mapatano hayaonekani, minong'ono hukua, na yeyote anayeuliza swali la kawaida juu ya mapato ya forodha au juu ya ushuru wa mizigo inayotoka Unguja huonekana mpinzani wa umoja. Aboud Jumbe alipoteza urais wa Zanzibar Januari 1984 katikati ya mjadala wa muundo wa Muungano. Wabunge 55 waliodai serikali ya Tanganyika mwaka 1993 walizimwa. Tangu wakati huo serikali mbili zimekuwa na vikao vya pamoja vya kuondoa kinachoitwa kero za Muungano, na nyingi zimeondolewa. Hata hivyo hakuna Aprili 26 iliyowahi kutengwa kuwaeleza wananchi, kwa lugha ya sokoni, kero ipi ilikuwa nini na imekwishaje.

Mfano wa karibu wa kujifunzia uko Mombasa. Utepe uleule wa maili kumi uliendelea upande wa kaskazini, na Waingereza waliukodi kutoka kwa Sultani tangu 1895, wakimlipa kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus hadi 1963. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, watu wengi wa Mwambao, yaani pwani hiyo, walitaka kujitenga au kurudi Zanzibar. Tume ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ikashauri utepe uingie Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua: pwani itakuwa ya Kenya, na Kenya italinda dini ya watu wake, hati zao za ardhi na mahakama zao za kadhi. Hakuna sikukuu ya tukio hilo. Lakini mtu wa Kisauni anayekwenda leo kwa kadhi kugawiwa mirathi anatumia ahadi ya 1963, ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 imeiandika tena. Wenzetu wa Mombasa wana malalamiko yao mengi, hasa ya ardhi, wala hakuna haja ya kuwapamba. Hata hivyo kumbukumbu iliyokaa katika taasisi inayotumika kila wiki ina nguvu ambayo gwaride halina.

Mfano wa pili unatisha. Kamerun ya Waingereza, upande wa kusini, ilipiga kura Februari 1961 na kuungana na Kamerun ya Wafaransa tarehe 1 Oktoba mwaka huo, kwa mapatano ya shirikisho. Mjini Yaoundé ukajengwa mnara wa kuungana tena, wenye njia mbili zinazopanda kwa kuzunguka hadi zikakutana juu. Mnara bado umesimama. Shirikisho halipo: lilifutwa kwa kura ya maoni ya tarehe 20 Mei 1972, na tarehe hiyo ikafanywa siku ya taifa. Serikali ikiisherehekea siku ya kufuta mapatano, tarehe 1 Oktoba ilibaki bila mwenyewe, na mwaka 2017 ikachukuliwa na wanaotaka kujitenga: siku hiyohiyo walitangaza nchi yao ya Ambazonia. Vita iliyofuata imeua maelfu. Tanzania haijafika huko na Mungu apishe mbali. Ila mtu anayepanga maadhimisho Dodoma au Unguja angefaa aisome habari ya Yaoundé kwa makini kuliko habari ya nchi nyingine yoyote, kwa sababu inaonyesha mnara mzuri ukisimama juu ya ahadi iliyoondolewa.

Wajerumani, ambao walishiriki kuchora mstari wetu, wamejifunza jambo katika muungano wao wenyewe. Sherehe ya tarehe 3 Oktoba huhamishwa kila mwaka kutoka jimbo hadi jimbo, na sehemu ya ukuta wa Berlin imeachwa ikisimama katika mtaa wa Bernauer Strasse, ili anayesherehekea kuungana aone kwa macho kilichokuwa kimetenganisha.

Mkoa wa Pwani una nini cha kuonyesha? Una kingi kuliko mikoa mingine yote ya bara. Mafia ni wilaya ya Pwani. Kisiwa kilichokuwa cha Sultani, kikahesabiwa pamoja na Unguja na Pemba mwaka 1886, kikapelekwa kwa Wajerumani miaka minne baadaye na kuwa cha Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, leo kinaongozwa kutoka Kibaha. Mjumbe wa Mafia akiitwa kikao cha mkoa huvuka bahari hadi Nyamisati, kisha hushika barabara hadi Kibaha, na hukaa meza moja na mjumbe wa Kisarawe bila yeyote kati yao kuona ajabu. Bagamoyo, iliyopigana na Wajerumani 1888, ni Pwani. Kibaha yenyewe ina Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kwa Mfipa, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, iliyofunguliwa 2022, na mwezi wa Aprili 2025 Mwenge wa Uhuru ulizinduliwa Kibaha kuanza mbio zake za bara na visiwani. Vifaa vya kumbukumbu vimejaa. Havijapangwa kuwa hadithi moja.

Kupanga si kazi ngumu, wala haihitaji mabilioni. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, pale Kisarawe, hutembelewa na wakazi wa Dar es Salaam wanaokwea vilima kupunga upepo. Ubao mmoja wenye ramani, ukieleza kwamba karibu na hapa ulipita mpaka wa 1886, ungefundisha watu wengi zaidi ya hotuba ya saa nzima. Shule za Vihingo na Mzenga zinaweza kuifanya rula ya maili kumi kuwa zoezi la somo la historia kila Aprili, wanafunzi wakipima wenyewe kijiji chao kiliangukia wapi. Halmashauri ya Kisarawe inaweza kuomba udugu na shehia moja ya Unguja yenye wazee wa asili ya Uzaramo, vijana watembeleane siku ya Muungano badala ya kungoja matangazo ya redioni. Na Hati za Muungano zichapwe kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache, zibandikwe ofisi za kata pamoja na orodha ya yale mambo 22, ili mwananchi wa Vihingo anayetaka kujua polisi ni wa nani na afya ni ya nani asome mwenyewe.

Lipo moja lisiloweza kungoja. Aliyekuwa na miaka 18 siku udongo ulipochanganywa alizaliwa 1945 au 1946. Katika kata za Kisarawe na Kibaha bado wapo wachache wa rika hilo: waliochuma karafuu Pemba, waliokuwa Ng'ambo usiku wa Mapinduzi, waliooa Unguja wakarudi na wake zao, waliorudishwa bandarini kwa kukosa karatasi. Maneno yao hayamo katika ile picha ya Mwalimu na udongo wala katika kumbukumbu za Bunge. Simu ya mkononi inatosha kuyarekodi, na mwalimu wa historia wa shule yoyote ya sekondari anaweza kuianza kazi hiyo na wanafunzi wake muhula huu, kwa mzee wa jirani, akianza na swali rahisi: kabla ya 1964, kwenda Unguja ulikuwa unakwendaje?